Shamba Lisilouzwa: Maisha ya Kijijini kwa Waminangkabau

Wanachama wetu wengi huijua Indonesia kwa jambo moja, nalo ni karafuu. Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku, huko huko Indonesia. Tena kwa miaka mingi katika karne iliyopita nchi hiyo ilikuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Unguja na Pemba, ikizitia katika sigara zake ziitwazo kretek, mpaka ilipoanza kuvuna za kuitosha wenyewe. Lakini khabari za wakulima wa huko twazijua kidogo. Somo la leo lahusu Waminangkabau, watu wa nyanda za juu za magharibi ya kisiwa cha Sumatra. Ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi kama tulivyo wengi wetu, ni wakulima wa mpunga, na wana desturi ya ardhi ambayo yafaa kila mwenye shamba aifikiri.

1. Kijiji chenyewe

Kijiji kwao huitwa nagari. Kila nagari ina mipaka yake, mabonde yake ya mpunga na msitu wake. Desturi yataka iwe na njia, mahali pa kuogea, baraza ya wazee, na msikiti. Ndani yake mna koo kadhaa, na kila ukoo una mkuu wake aitwaye penghulu. Wakuu hao hukaa barazani wakashauriana mpaka wapatane.

Nagari iitwayo Pariangan, iliyo ubavuni mwa mlima Marapi, ndiyo wanayoitaja kuwa chimbuko lao. Marapi ni mlima wa moto, na majivu yake ndiyo yaliyoirutubisha ardhi. Makonde yamechongwa ngazi kwa ngazi kufuata mteremko, na maji hupitishwa kutoka konde la juu hata la chini. Kwa hivyo hapana awezaye kulima peke yake. Asiyeelewana na jirani hukosa maji.

Sheria ya mwaka 1979 ilitaka vijiji vyote vya Indonesia viwe vya namna moja, na katika miaka ya 1980 nagari zikakatwa vipande. Malalamiko yalikuwa mengi, na tangu mwaka 2000 hivi nagari zimerudishwa.

2. Nyumba na ghala

Nyumba kubwa ya ukoo huitwa rumah gadang. Paa lake limepinda na ncha zake zimeinuka kama pembe za nyati. Nyumba hiyo ni ya wanawake: bibi, binti zake na wajukuu. Mtoto huhesabiwa ukoo wa mama yake, yaani wa kukeni, si wa kuumeni. Mume huja kwa mkewe, na humo hupewa heshima ya mgeni. Penye kauli yake ni kwa dada zake, maana huko yeye ndiye mjomba, na mjomba ndiye mwenye kuwaangalia wapwa zake na mali yao. Zamani vyumba vilikuwa vya mabinti wenye waume, na mvulana akishapata akili alikwenda kulala surau, penye chuo cha Kurani. Siku hizi watu wengi hukaa katika nyumba za kawaida, lakini hesabu ya ukoo haikubadilika.

Mbele ya nyumba kubwa husimama ghala za mpunga, na kila ghala ina kazi yake. Moja ni ya chakula cha kila siku. Ya pili ni ya mpunga wa kuuza, ili vipatikane vitu visivyolimwa. Ya tatu ni akiba ya wakati wa njaa, na ya kumsaidia aliyeishiwa. Mwenye kuzitenganisha ghala hivyo hauzi chakula cha watoto wake kwa sababu bei imepanda.

3. Ardhi ya ukoo

Mali kwao ni namna mbili. Iko mali aliyoichuma mtu kwa jasho lake, na iko mali kongwe iliyotoka kwa mabibi. Makonde ya ukoo ni mali kongwe. Hupita kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Mjomba huyasimamia, lakini si yake. Hayo hayauzwi. Kwa desturi hata kuyaweka rahani kwaruhusiwa kwa sababu nne tu, tena kwa rai ya ukoo wote:

(a) pakiwa na maiti nyumbani na hakuna cha kumzikia;
(b) pakiwa na binti mkubwa aliyekosa gharama ya kuolewa;
(c) nyumba ya ukoo ikivuja;
(d) ukoo ukitaka kumsimamisha penghulu mpya.

Tazameni yasiyokuwamo: nguo za sikukuu hazimo, wala deni la dukani, wala chombo cha kusafiria.

Rahani yao ni nzito. Mwenye kukopesha, ambaye zamani deni lake lilihesabiwa kwa dhahabu, hulishika konde akala mavuno mpaka alipwe, na mavuno hayo hayapunguzi deni. Huweza kupita kizazi kizima, na mwenye konde akawa analilima konde lake mwenyewe kwa kugawana mavuno na aliyemkopesha. Sheria ya Indonesia ya mwaka 1960 iliamuru kuwa shamba lililokaa rahani miaka 7 au zaidi lirudishwe bila malipo, kwa hoja kwamba mkopeshaji amekwisha kula fedha zake. Hata hivyo vijijini wengi wameendelea na desturi. Aliyepata kuweka mikarafuu yake rahani ataelewa vizuri kwa nini wazee wale waliufanya mlango huo kuwa mwembamba.

4. Dini na desturi

Msomaji atauliza: na mirathi ya Kiislamu je? Waminangkabau wenyewe wameuliza hivyo muda mrefu. Sheikh Ahmad Khatib (1860–1916), mzaliwa wa huko aliyekuwa imamu wa Kishafi katika Msikiti wa Makka, aliandika kuipinga desturi hiyo. Wanavyuoni wengine waliiona ardhi ya ukoo kuwa kama wakfu, kwa kuwa si mali ya mtu mmoja. Mwaka 1952 wanavyuoni, wakuu wa koo na wasomi walikutana mjini Bukittinggi wakapatana: mali kongwe ifuate desturi, na aliyochuma mtu mwenyewe igawiwe kwa faradhi.

5. Wanaosafiri

Kijana wa kiume hana konde la kurithi. Kwa hivyo desturi humtaka asafiri akatafute riziki na elimu. Wengi huwa wafanyabiashara, na mikahawa yao imeenea katika miji ya Indonesia na Malaysia. Fedha wanazozipeleka kwao hutengeneza nyumba na misikiti, na hukomboa makonde yaliyo rahani. Mmoja wa watu wao ni Mohammad Hatta, aliyezaliwa Bukittinggi mwaka 1902, akawa Makamu wa Rais tangu 1945 hata 1956, na ndiye aitwaye baba wa ushirika wa Indonesia.

Desturi hii ina taabu zake pia. Wengine huenda wasirudi, na makonde hukosa mikono. Ardhi ya ukoo ni vigumu kuipeleka benki kuwa dhamana. Na mjomba asiye mwaminifu huweza kuwatia wapwa zake hasarani, kesi zikafika mahakamani. Lakini jambo moja limesimama: bibi ajua kuwa wajukuu wa binti zake watapata pa kulima, kwa kuwa hapana mtu mmoja awezaye kutia sahihi peke yake na kuipoteza kazi ya vizazi.

Maswali ya kuzungumza

1. Kama ukoo wako ungeandika sababu nne za kuruhusu rahani, zingekuwa zipi?
2. Katika fedha za msimu uliopita, ipi ilikuwa ghala ya kula, ipi ya kuuza, na ipi ya akiba?
3. Nani nyumbani kwako hujua mipaka ya shamba na hesabu ya mikarafuu, mbali na wewe?