Ghala Kabla ya Mafuriko

Ndugu zetu, kila yanapotokea mafuriko hukusanywa mijini magunia ya unga na mablanketi, na kila mtoaji hurudi nyumbani moyo umetulia. Lakini mwenye njaa hashibi kwa gunia lililo mjini. Katika somo hili twataka kutazama njia iliyo baina ya mkono wa mtoaji na mkono wa mpewa.

Tuchukue mfano wa Gakindu, katika Mukurwe-ini ya Nyeri. Ni nchi ya vilima na mabonde, na masika yakizidi udongo wake hulainika ukaporomoka. Maji yake huteremkia Mto Sagana, kisha Tana, mpaka kwetu Pwani. Basi mvua ile ile yaweza kukata njia huko na kuzamisha mashamba ya Garsen huku. Aliyeweka chakula chote katika ghala moja mjini Nyeri, njia ikikatika, hana cha kumpa mtu wa Gakindu.

La kwanza, basi, ni mahali. Maghala madogo pande mbili za bonde ni bora kuliko moja kubwa. Yawe mbali na mto na mteremko, nayo yajazwe kabla ya Machi, masika hayajaanza.

La pili ni hifadhi. Mahindi yakaushwe mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5, yawekwe juu ya mbao, yasiguse ukuta. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani, mahindi yaliyowekwa na unyevu yaliota ukungu wa sumu. Watu 317 waliugua, na 125 kati yao wakafa. Hawakufa kwa kukosa chakula. Walikufa kwa chakula.

La tatu ni daftari. Kiingiacho na kitokacho kiandikwe, na kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka. Majina ya wajane, wagonjwa na wazee yaandikwe mapema, pamoja na jina la atakayewapelekea kwa miguu gari lisipopita. Wala mpewa asiulizwe dini wala kabila.

Nabii Yusuf (a.s.) alipoomba kusimamia hazina za Misri alijitaja kwa sifa mbili: kuhifadhi na kujua. Sisi mara nyingi humtafuta mwaminifu tu, tukasahau ujuzi. Na mahindi huoza hata mikononi mwa mwaminifu.

Basi kabla ya masika yajayo, kila mtaa na ujiulize: ghala letu liko wapi, ufunguo anao nani, na daftari lasema nini?