Hesabu ya Wasomaji na Nia ya Mwandishi



Leo mwanafunzi mwenye simu na bando anaweza kufungua tovuti yake akaandika. Wengi wetu tunaandika: muhtasari wa masomo, darsa za Ijumaa, ushauri kwa wanaoingia mwaka wa kwanza. Hilo ni jambo la kheri. Lakini pamoja na tovuti huja ukurasa wa takwimu unaoonyesha wangapi wamesoma, kutoka nchi gani na saa ngapi. Wapo wanaoufungua kabla ya kulala, wakaufungua tena baada ya Alfajiri kabla ya kumaliza adhkari, kisha mara kadhaa mhadhara ukiendelea. Tujiulize mambo mawili: nambari ile inatuambia nini hasa, na inaufanyia nini moyo wa anayeitazama?

1. Nambari inahesabu nini?

Katika miaka ya 1990 tovuti nyingi zilikuwa na kibao cha kuhesabu chini ya ukurasa. Mwenye tovuti akiufungua ukurasa mwenyewe mara kumi, kibao kilipanda kumi. Wengine walihesabu mafaili yaliyoombwa kwenye seva, hivyo ukurasa mmoja wenye picha tisa ulihesabiwa mara kumi kwa msomaji mmoja. Mwaka 2005 Google ilinunua kampuni ya Urchin, na mwaka huohuo ikatoa Google Analytics bila malipo. Tangu hapo hata mwandishi mdogo kabisa ana takwimu ambazo zamani zilikuwa za makampuni.

Vipimo vya leo ni bora, ila vina mipaka. Kwa kawaida programu haimtambui mtu. Inakitambua kivinjari, kwa alama ndogo inayoachwa humo iitwayo kidakuzi. Dada akisoma kwa simu asubuhi na kwa kompyuta ya maktaba jioni, anaweza kuhesabiwa wageni wawili. Wanafunzi watano wakipokezana kompyuta ileile, huenda wakahesabiwa mmoja. Anayetumia kizuizi cha matangazo huenda asihesabiwe kabisa, ilhali roboti zinazozunguka intaneti nyingine hupenya na kuhesabiwa kama watu. Makala ikinakiliwa na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp, hata watu mia wakiisoma humo, ukurasa wa takwimu hauna habari.

Hata neno “ziara” lina maana yake ya kiufundi. Katika Google Analytics, usipolibadilisha, ziara hukatika baada ya dakika 30 bila msomaji kufanya lolote. Akiacha makala akaenda kuswali na kula, akirudi ni ziara ya pili. Na ili ziara ihesabiwe kuwa msomaji ameshughulika na ukurasa, kuzidi sekunde 10 kunatosha.

Kwa hiyo nambari ile ni makadirio ya milango iliyofunguliwa. Aliyeketi, aliyeelewa na aliyekwenda kutenda, haiwajui.

2. Kwa nini mkono hurudi pale?

Mwaka 1957 wanasaikolojia wa Marekani, Charles Ferster na B. F. Skinner, walitoa kitabu juu ya namna malipo yanavyoongoza tabia za wanyama. Njiwa aliyepewa punje baada ya idadi ya midonoo isiyotabirika aliendelea kudonoa kwa kasi, bila kupumzika sana. Ukurasa wa takwimu una tabia hiyohiyo. Mara nyingi hauna jipya, kisha siku moja nambari inaruka. Kwa kuwa hatujui siku hiyo ni ipi, tunachungulia kila saa.

Kupoteza muda ni hasara, lakini ipo kubwa zaidi. Mwaka 1975 mchumi Mwingereza Charles Goodhart, akizungumzia sera ya fedha, alionya kwamba takwimu ikianza kutumiwa kuwa usukani, huacha kuwa kipimo cha kuaminika. Tuseme umeandika makala ya hukumu za mirathi, ikapata wasomaji 40. Ukaandika juu ya ugomvi wa masheikh wawili, ikapata 900. Makala yako ijayo itahusu nini? Hakuna aliyekulazimisha, lakini usukani umeshashikwa na mwingine. Na katika wale 40 huenda alikuwamo kijana anayetaka kugawa mali ya marehemu baba yake bila kuwadhulumu dada zake.

3. Funzo kutoka kwa Imam al-Ghazali

Mwaka 484 Hijria (1091) Abu Hamid al-Ghazali aliteuliwa kufundisha katika madrasa ya Nidhamiyya, Baghdad. Katika kitabu chake al-Munqidh min al-Dalal anaeleza kuwa alikuwa na wanafunzi 300, idadi ya kumfurahisha mwalimu yeyote. Lakini alipoichunguza nia yake ya kufundisha, akaona haikuwa safi kwa ajili ya Allah. Kilichomsukuma kilikuwa cheo na kuenea kwa jina lake. Alivutana na nafsi yake karibu miezi sita, mpaka ulimi ukamfunga darasani na chakula kikamshinda. Mwaka 488 (1095) akaondoka Baghdad kuelekea Sham, akafika Bayt al-Maqdis, kisha akaenda Hija.

Tuangalie mambo mawili. Kwanza, hakuwalaumu wale 300. Wingi haukuwa kosa, ila alijiuliza wingi ule ulikuwa unalisha nini ndani yake. Pili, hakuiacha elimu moja kwa moja. Mwaka 499 (1106) alirudi kufundisha huko Naysabur, akaeleza kuwa safari hii hakurudi kwa nia ileile. Kwa hiyo dawa ya kupenda kusomwa si kufunga tovuti. Dawa ni kurekebisha nia na kuendelea na kazi. Si bure Imam al-Nawawi aliiweka hadithi ya nia mwanzoni kabisa mwa mkusanyo wake wa Hadithi Arubaini.

4. Tufanye nini?

Kwanza, weka siku moja ya takwimu kwa mwezi. Ondoa programu yake kwenye simu na uzime arifa.

Pili, ingia ukiwa na swali. “Je, wasomaji wengi wanatumia simu?” Ikiwa ndiyo, punguza ukubwa wa picha, maana bando la msomaji ni pesa yake. “Watu wanatafuta nini wasikipate?” Hapo takwimu zinakuwa khadimu wa msomaji. Ukiwa huna swali, usiingie.

Tatu, panga mada mwanzoni mwa muhula, kabla ya kuona nambari yoyote, kwa kuangalia nini kinahitajika chuoni.

Nne, weka daftari la yale ambayo mashine haiyahesabu: swali la msomaji, kosa ulilosahihishwa, mtu aliyekwambia amefaidika.

Tano, tovuti ikiwa ya jumuiya, takwimu azishike mtu asiyekuwa mwandishi, na azilete kikaoni.

Maswali ya kujadiliana katika halaqa

1. Lau kusingekuwa na mashine ya kuhesabu, ni makala gani ungeendelea kuandika, na ni ipi ungeiacha?
2. Kuna tofauti gani kati ya kufurahi kwamba elimu imefika kwa watu na kufurahi kwamba jina limefika?
3. Jumuiya yetu inapotoa ripoti ya mwaka, tunahesabu waliohudhuria. Tutajuaje waliofaidika?

Tumuombe Allah atujaalie ikhlasi katika tunayoyaandika, na manufaa kwa wanaoyasoma, wawe 40 au 900. Wabillahi tawfiq.