Msimu wa Mvua: Jinsi ya Kulinda Jiko la Makaa Dhidi ya Maji na Unyevu

Jiko la makaa likiachwa uani usiku mmoja wa mvua, asubuhi yake linaweza kupasuka na kumlazimu mwenyewe kununua jingine. Wakazi wanaotumia jiko la udongo na bati, wakiwemo wachuuzi wa chai, chapati na mahindi ya kuchoma, wanashauriwa kulikausha polepole kabla ya kulitumia tena. Wanakumbushwa pia kwamba mvua si sababu ya kuingiza jiko linalowaka katika chumba cha kulala.

Jiko lilivyoundwa

Jiko hili lilianza kuenea nchini miaka ya 1980, baada ya wataalamu na mafundi wa jua kali kuboresha wazo lililotoka Thailand. Lina sehemu mbili: ganda la bati kwa nje, na bakuli la udongo uliochomwa kwa ndani. Bakuli hilo ndilo linalohifadhi joto. Likiwa zima na likitumiwa vizuri, jiko hili huweza kuokoa asilimia 30 hadi 50 ya makaa yanayotumiwa na jiko la bati tupu. Likivunjika, akiba hiyo hupotea.

Maji yanavyoharibu

Udongo wa jiko huchomwa tanuruni lakini hubaki na vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Mvua ikinyesha, vitundu hivyo hufyonza maji. Kwa nje bakuli linaweza kuonekana kavu baada ya saa chache za jua, ilhali ndani bado lina unyevu.

Hapo ndipo hasara huanzia. Maji yakigeuka mvuke huhitaji nafasi ya takriban mara 1,600 zaidi. Makaa mengi yakikolezwa kwa haraka, mvuke huo hukosa pa kutokea na husukuma udongo hadi ukabanduka vipande au kupasuka. Kwa hivyo jiko lililolowa huweza kupona likikaushwa kwa subira. Moto wa haraka ndio hulimaliza.

Unyevu pia hula makaa. Kuchemsha na kukausha lita moja ya maji huhitaji joto la karibu gramu 90 za makaa, hata kama hakuna joto linalopotea. Anayepikia jiko bichi na makaa yaliyolowa hulipia moto wa kukausha maji kabla ya sufuria kupata joto. Bati nalo hushika kutu, hasa pale jivu lenye maji linapoachwa chini ya jiko.

Hatua za kukausha jiko lililolowa

1. Inamisha jiko ili maji yote yatoke, kisha ondoa jivu lote. Jivu hushika maji kwa muda mrefu.

2. Liweke juu ya mawe au matofali, mahali penye upepo, mlango wa hewa ukiwa wazi. Liache siku moja au mbili za jua, na zaidi iwapo kuna mawingu.

3. Kagua rangi na uzito. Udongo wenye unyevu huwa na rangi nzito kuliko kawaida, na jiko huwa zito mkononi.

4. Washa vipande vichache vya makaa nje au chini ya paa lisilo na kuta, mlango wa hewa ukiwa wazi kidogo tu. Baada ya nusu saa hivi acha lipoe. Mvuke ukionekana, rudia siku inayofuata.

5. Ongeza makaa kidogo kidogo katika mapishi ya kwanza.

Kuzuia maji yasiingie

Jiko likishapoa, lihifadhiwe chini ya paa, juu ya mawe, likiwa mbali na matone ya mabati. Asiye na nafasi anaweza kulifunika kwa karai kuukuu au kipande cha bati. Karatasi ya nailoni isikazwe kulizunguka, kwa kuwa hufungia unyevu ndani, na isitumike kamwe jiko likiwa na moto. Gunia la makaa nalo liinuliwe kutoka sakafuni.

Maji ya mvua si adui pekee. Wengi huzima makaa kwa kuyamwagia maji yakiwa jikoni, na udongo wa moto hupasuka kwa kupozwa ghafla. Ni afadhali kuyatoa makaa kwa koleo na kuyafungia katika mkebe wa chuma wenye kifuniko, nje ya nyumba, yazimike kwa kukosa hewa. Vilevile, sufuria ya maharagwe au githeri isijazwe hadi kumwagikia udongo.

Jiko lenye ufa mwembamba bado hufaa. Ufa ukipanuka au bakuli likicheza ndani ya bati, fundi wa jua kali anaweza kuweka bakuli jipya bila mteja kununua jiko zima. Saruji mpya iachwe ikauke siku kadhaa kabla ya moto wa kwanza.

Onyo: usilale na jiko

Katika usiku wa baridi na mvua, baadhi ya familia huingiza jiko ndani ili kulikausha au kuota moto. Makaa yanayowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Makaa mekundu yasiyotoa moshi huitoa pia. Gesi hii hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na aliyelala huenda asiamke.

Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na udhaifu. Wanaozipata watoke nje mara moja, jiko litolewe ikiwa ni salama kufanya hivyo, na waathiriwa wapelekwe kituo cha afya kilicho karibu hata wakijihisi nafuu. Mvua ikikatiza mapishi, jiko lihamishiwe chini ya paa lililo wazi pande zote, na usiku libaki nje.