Ficha Picha Nyuma ya Neno

Blogu ya Isiolo, Kenya, haikosi picha nzuri, ila zikibandikwa zote ukurasani zinamlemea msomaji. Aliyeko Merti au Garbatulla na bando dogo hulipia kila picha inayofunguka, aitake asiitake. Picha iliyofichwa nyuma ya kiungo haipakuliwi mpaka aguse neno lenye kiungo hicho. Hiyo ni huruma kwa msomaji, na ndiyo nafasi ya mwandishi kufanya sanaa.

Tuchukue mfano wa pundamilia wa Grevy, wanaoonekana katika hifadhi za Shaba na Buffalo Springs. Januari 2016 wananchi walijitolea kuwapiga picha, ubavu wa kulia, ili wahesabiwe kwa milia yao, kwa kuwa hakuna wawili wanaofanana. Sasa andika: “Kila pundamilia huzaliwa na saini yake.” Kiungo ukikiweka kwenye “pundamilia”, msomaji atakuta alichotarajia, basi. Kiweke kwenye “saini”, na picha iwe ya ubavu mtupu, milia imejaa kioo chote cha simu, bila kichwa wala miguu. Aliyetarajia mwandiko anakutana na ngozi, na sentensi inapata maana ya pili. Kwa hiyo usiunganishe jina la kitu na picha ya kitu hicho hicho. Tafuta neno lenye uzito. “Bofya hapa” iache kabisa. Sentensi nayo ijitosheleze, kwani wengi watasoma bila kugusa.

Mbinu ninayoipenda zaidi ni neno linalorudi. Katika makala ya safari ya Isiolo hadi Moyale, “barabara” ya kwanza ifungue picha ya zamani ya lori kwenye vumbi, abiria wamekaa juu ya mizigo. Ya pili ifungue lami. Ya tatu, ngamia wakiivuka lami hiyo. Historia nzima imepita bila aya hata moja ya maelezo. Lakini viungo vitatu au vinne kwa makala vinatosha; vikizidi, msomaji anachoka kugusa.

Punguza upana wa picha hadi pikseli 1,200 hivi, na faili uipe jina la maana, kwani wengine hulisoma kabla ya kufungua. Ondoa taarifa za mahali zilizomo ndani ya faili, hasa kwa picha za faru na ndovu: jangili naye ana simu. Ukitaka kumpiga picha mama anayeuza maziwa ya ngamia, mwombe ruhusa kwanza, umweleze picha itakaa nyuma ya neno gani. Picha ya mtu mwingine, kama zile za Wikimedia Commons, iunganishe na ukurasa wenye jina la mpigapicha na masharti ya leseni, si faili tupu.

Kabla ya kuchapisha, gusa kila kiungo ukitumia simu ya bei nafuu, mahali penye mtandao dhaifu. Kisichofunguka upesi kiondoe.