Somo la Muamalati: Mfuko wa Bure Hulipiwa na Nani?



Ndugu zangu wanafunzi, mwezi huu zamu ya kuandika somo la muamalati imeniangukia mimi, nami nimechagua jambo dogo la kushikika mkononi: mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa. Najua wengine mtasema kuna makubwa zaidi ya hilo, kama vile riba, mikopo ya simu na ukosefu wa ajira. Ni kweli. Lakini jambo hili dogo limewagombanisha watu madukani, magazetini na bungeni katika nchi nyingi, na ugomvi wenyewe unafundisha mengi kuhusu namna watu wanavyoipokea sheria inayogusa mfuko wa pili, ule wa suruali.

Sisi huku tumezoea marufuku. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Hapa Uganda sheria ya mwaka 2009 ilikataza mifuko myembamba ya chini ya mikroni 30, na kila mmoja wetu anajua kwamba chapati za jioni bado zinafungwa kwenye kaveera. Njia ninayotaka tuisome leo ni nyingine: mfuko haukatazwi, ila unauzwa. Anayeutaka aulipie, asiyeutaka aje na kikapu chake.

Mfano unaotajwa sana ni wa Ireland. Tarehe 4 Machi 2002 serikali ya huko ilianza kutoza senti 15 za yuro kwa kila mfuko, na fedha hizo zikaingia katika hazina maalumu ya mazingira. Kabla ya hapo watu walikuwa wameulizwa wangekuwa tayari kulipa kiasi gani kwa mfuko mmoja. Wastani wa majibu ulikuwa chini ya senti 3. Kwa hiyo tozo iliyowekwa ilikuwa karibu mara sita ya kile ambacho watu walisema wanaweza kuvumilia. Mtu angetarajia maandamano. Kilichotokea ni kwamba matumizi yalishuka kutoka takriban mifuko 328 kwa mtu kwa mwaka hadi 21. Miaka mitano baadaye mwanauchumi Frank Convery na wenzake waliandika makala ya kitaalamu kuhusu tozo hiyo, na katika kichwa chake waliuliza kama hii ndiyo kodi inayopendwa kuliko zote Ulaya. Sijui kodi nyingine iliyowahi kuulizwa swali hilo.

Uingereza ilichelewa. Wales ilianza Oktoba 2011, Ireland ya Kaskazini 2013, Scotland Oktoba 2014, na England ikaja mwisho, tarehe 5 Oktoba 2015, kwa peni 5 katika maduka ya kampuni zenye wafanyakazi 250 au zaidi. Mwaka 2014 supamaketi saba kubwa za England zilikuwa zimegawa mifuko bilioni 7.6. Siku chache kabla ya sheria kuanza, magazeti yalitabiri vurugu kaunta: foleni ndefu, wateja kugombana na makeshia, watu kuondoka na vikapu vya duka. Kanuni zenyewe zilisaidia kuwachanganya watu. Nyama mbichi isiyofungwa ilistahili mfuko wa bure, lakini ukiichanganya na pakiti ya biskuti unalipa. Dawa za hospitali ni bure, sabuni si bure. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha wanafunzi cha kutunga kanuni anajua jinsi vifungu vya namna hiyo vinavyozaliwa.

Vurugu haikuja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff na wenzao waliwafuatilia watu kabla na baada ya tozo, wakakuta kwamba ndani ya mwezi wa kwanza watu wa umri wote, wanaume kwa wanawake, wenye kipato kikubwa na kidogo, walikuwa wamepunguza mifuko kwa kiasi kikubwa. Jambo la pili walilolikuta ndilo lililonifanya niandike somo hili. Uungaji mkono wa tozo uliongezeka baada ya kuanza kutozwa. Si hivyo tu, walioiunga mkono tozo hii zaidi walikuwa tayari zaidi kukubali tozo nyingine za kupunguza taka za plastiki. Kwa hiyo maoni ya watu kabla ya jambo na maoni yao baada ya kuliishi ni vitu viwili. Ninyi mnaoandaa hojaji za utafiti wa mwaka wa mwisho, lishikeni hilo. Ukimuuliza mtu leo kuhusu tozo ambayo hajawahi kuilipa, anakujibu kuhusu hofu yake.

Sasa tujiulize: peni 5 ni nini kwa Mwingereza? Si kitu. Anaweza kuiona chini asiiokote. Mbona basi ikabadilisha tabia ya mamilioni? Jibu zuri nimelipata katika utafiti wa Tatiana Homonoff uliofanywa katika eneo la jiji la Washington, Marekani. Jiji hilo lilianza kutoza senti 5 kwa mfuko Januari 2010, na Kaunti ya Montgomery iliyo jirani ikafuata Januari 2012. Yapo maduka ambayo tangu zamani yalikuwa yakimpa zawadi ya senti 5 mteja anayekuja na mfuko wake. Kwa hesabu ya darasani ni kitu kilekile: senti 5 huku, senti 5 kule. Lakini zawadi karibu haikubadilisha chochote, na tozo ilipunguza idadi ya wateja wanaochukua mifuko ya duka kwa zaidi ya asilimia 40 ya wateja wote. Mtu huumia kunyang'anywa kuliko anavyofurahi kupewa. Mimi naongeza sababu ya kwangu: tozo inamlazimisha keshia kuuliza. "Unahitaji mfuko?" Zamani hakuna aliyeuliza; mkono wa keshia ulikuwa umeshafungua mfuko kabla hujatoa pesa. Swali hilo linakuamsha.

Hapa ndipo naona fiqhi ina la kusema, na si katika mlango wa israfu pekee, ingawa mlango huo upo wazi na kila khatibu anaujua. Nazungumzia mlango wa urf, yaani ada ya watu. Wanachuoni wameipa ada uzito katika mikataba maadamu haigongani na sharia. Majalla, mkusanyo wa sheria za muamalati uliotungwa na dola ya Uthmaniya katika karne ya 19 kwa kufuata madhehebu ya Hanafi, unaeleza kwamba kile ambacho kwa ada ya mji huingia katika mauzo, kinaingia hata bila kutajwa. Aliyenunua nyumba amenunua na jiko lake. Basi mteja wa Dublin au wa Kampala ambaye tangu utotoni amepewa mfuko pamoja na sukari, kwa ada ya mji wake mfuko ulikuwa sehemu ya mauzo. Hasira yake kaunta si ubahili. Anahisi kuna kitu chake kimechukuliwa, na kwa mantiki ya urf ana hoja.

Ada inaweza kubadilishwa, lakini kwa uwazi na kabla ya mkataba. Bei ijulikane kabla pesa hazijatoka mkononi. Kanuni za Ireland zinataka tozo ya mfuko iandikwe peke yake kwenye risiti, na naiona hiyo ni adabu nzuri ya biashara kuliko hata fedha zenyewe. Duka linaloongeza bei ya mfuko kimyakimya chini ya risiti, mteja akagundua nyumbani, linastahili kulaumiwa.

Kuna waliosema, na bado wanasema, kwamba tozo inamdhulumu maskini. Nimeifikiria hoja hii kwa muda, kwa sababu wengi wetu hapa chuoni tunahesabu pesa ya chakula hadi mwisho wa wiki. Lakini tazama jinsi mfuko "wa bure" unavyofanya kazi. Mama muuza nyanya sokoni hapewi buveera na serikali. Ananunua pakiti, na gharama hiyo ameiweka ndani ya bei ya fungu la nyanya. Bibi anayekuja na kikapu chake cha ukindu analipa bei ileile, kwa hiyo analipia mfuko ambao hakuuchukua. Kwa miaka yote mwenye kikapu amekuwa akimlipia asiye na kikapu. Tozo inaufichua mzigo huo na kumpa mwenyewe, na tofauti na kodi ya unga au ya mafuta ya taa, hii unaweza kuikwepa kwa halali kabisa.

Nisije nikawapa picha ya upande mmoja. Afrika Kusini ilianza Mei 2003 kwa senti 46 kwa mfuko. Mwanzoni matumizi yalianguka sana. Kisha maduka yakapunguza bei ya mifuko, watu wakaizoea bei hiyo ndogo, na matumizi yakapanda tena. Kampuni isiyo ya faida iliyoundwa kusimamia fedha za urejelezaji, Buyisa-e-Bag, nayo haikudumu. Huko swali lilikuja kuwa: fedha zetu zimekwenda wapi? England nayo ina aibu yake. Mfuko mzito uitwao wa kudumu maisha, unaouzwa bei juu kidogo, umegeuka kuwa wa wiki moja. Ripoti ya Greenpeace na wenzao ilionyesha kuwa mwaka 2019 supamaketi ziliuza zaidi ya bilioni moja ya mifuko hiyo. Na huko California, mifuko ya maduka ilipokatazwa, mauzo ya mifuko midogo ya taka yalipanda, kwa sababu watu walikuwa wakitumia ile ya bure kwa kazi hiyo. Nanyi mnaojivunia mifuko ya pamba ya makongamano, Shirika la Mazingira la Uingereza lilikadiria kwamba mfuko wa pamba unahitaji kutumika mara 131 ili ulingane na ule mwembamba wa plastiki uliotumika mara moja, kwa kipimo cha joto la dunia. Mimi ninayo minne.

Kwa nini yote haya sasa? Kwa sababu kamati ya chama imependekeza kibanda chetu cha futari kitoze shilingi 200 kwa mfuko kuanzia Ramadhani ijayo, na mmeona jinsi kundi la simu lilivyowaka. Mimi naunga mkono pendekezo hilo kwa masharti mawili. Kwanza, bei ibandikwe mbele ya kibanda na itangazwe Ijumaa mbili kabla, ili kila mtu apate nafasi ya kuja na bakuli. Pili, fedha zihesabiwe peke yake, zisichanganywe na sadaka ya futari, maana aliyelipia mfuko hajatoa sadaka na hatupaswi kumwandikia hivyo, wala kujiandikia sisi.

Kwa mjadala wa darasa la Jumamosi naomba tuanze na haya. Je, kibanda kinachogawa chakula cha sadaka kina haki ya kuuza mfuko kwa mtu aliyekuja mikono mitupu, na magharibi imeshaingia? Mgeni asiyejua tangazo atatendewaje? Na fedha za mifuko, zikibaki, zipelekwe wapi: usafi wa msikiti, au mtaro wa nyuma ya mabweni ambako mifuko yenyewe huishia? Mweka hazina wetu ameniahidi kuja na hesabu ya mifuko iliyonunuliwa Ramadhani iliyopita.