Saratani ya Puru: Je, Mgonjwa Asubiri Upasuaji wa Matundu Madogo?

Msomaji wa kata ya Nainokanoka, wilayani Ngorongoro, ameuliza kama mzee wa boma lao, aliyetibiwa bawasiri kwa muda mrefu na sasa ameambiwa kuwa ana saratani ya puru, asubiri hadi apatikane daktari wa kumfanyia upasuaji wa matundu madogo, kwa kuwa ndugu wanaogopa mkato mkubwa wa tumbo. Jibu fupi ni kwamba asisubiri.

Puru ni sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, yenye urefu wa takriban sentimita 15, ambamo kinyesi hukaa kabla ya kutoka. Imebanwa ndani ya nyonga, ikipakana na kibofu na tezi dume kwa mwanamume, au mji wa mimba na uke kwa mwanamke, na kandokando yake hupita neva zinazotawala mkojo na tendo la ndoa. Mwaka 1908 daktari Mwingereza Ernest Miles alieleza namna ya kuiondoa puru yote pamoja na njia ya haja kubwa, mgonjwa akabaki na tundu la kudumu tumboni la kutolea kinyesi. Mwaka 1982 Mwingereza mwingine, Bill Heald wa Basingstoke, alionyesha kwamba mara nyingi saratani hurudi kwa sababu mabaki yake huachwa katika mafuta yanayoizunguka puru, yenye mishipa ya damu na tezi za limfu, akafundisha kwamba puru na mafuta hayo vitolewe pamoja, vikiwa ndani ya utando wake usiochanika. Kanuni hiyo ndiyo msingi wa tiba hadi leo, tumbo liwe limefunguliwa wazi au limetobolewa tu.

Katika upasuaji wa matundu madogo mgonjwa hulazwa usingizi mzito kwa dawa, tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksidi ili liinuke na kuacha nafasi, kisha kamera nyembamba na vyombo virefu hupitishwa katika matundu kadhaa yenye upana wa takriban sentimita moja, huku daktari akitazama kazi yake kwenye skrini. Mkato mmoja mfupi bado huhitajika ili kutoa kipande kilichokatwa. Utafiti wa COLOR II, uliohusisha wagonjwa 1,044 katika nchi 8 na kutoa matokeo yake mwaka 2013 na 2015, ulionyesha kwamba waliopasuliwa kwa matundu walipoteza damu kidogo zaidi na walitoka hospitali mapema kwa siku moja hivi, ingawa upasuaji wenyewe ulichukua muda mrefu zaidi. Lakini baada ya miaka mitatu saratani ilikuwa imerudi nyongani kwa asilimia 5 ya wagonjwa katika kila kundi. Ikumbukwe pia kwamba hospitali zilizoshiriki zilitakiwa kwanza kuwasilisha video za upasuaji wao ili zikaguliwe. Mwaka 2015 huohuo, tafiti mbili nyingine, moja ya Marekani na nyingine ya Australia na New Zealand, zilishindwa kuthibitisha kwamba vipande vilivyotolewa kwa matundu vilikuwa kamili sawasawa na vile vya upasuaji wa wazi. Mbinu hii basi hupunguza maumivu na siku za kulazwa ikifanywa na mikono iliyozoea, wala haiponyi saratani zaidi ya ile ya wazi.

Nchini Tanzania kamera za upasuaji zipo katika hospitali kubwa kama Muhimbili, ila kutoa kifuko cha nyongo kwa kamera ni kazi moja na kutoa puru ni kazi nyingine ngumu kuliko hiyo. Swali la kumuuliza daktari linahusu idadi ya puru alizokwisha kuondoa, kwa njia yoyote ile, na hali ya wagonjwa hao baadaye.

Kwa mgonjwa wa Nainokanoka, uamuzi mzito zaidi huja kabla ya kisu. Uvimbe ukishathibitishwa kwa kipimo cha kinyama, yaani kipande kidogo kinachokatwa na kutazamwa kwa hadubini, picha za CT na MRI huonyesha umefika wapi, na ukiwa umepenya sana mgonjwa huanza na mionzi, pengine pamoja na dawa za saratani, ili usinyae. Mionzi hiyo hutolewa kwa siku tano mfululizo za dozi kubwa au kwa takriban wiki tano za dozi ndogondogo, katika vituo kama Ocean Road jijini Dar es Salaam na Bugando jijini Mwanza. Kwa familia inayopaswa kwanza kupita ukingo wa kreta hadi lango la Loduare na kushuka Karatu, tofauti ya siku tano na wiki tano ni tofauti ya ng'ombe wangapi watauzwa kwa ajili ya nauli na malazi, na ni haki yao kumuuliza daktari kama ratiba fupi inafaa.

Jambo jingine linalonyamaziwa ni mfuko wa kinyesi. Puru inapoondolewa na utumbo kuunganishwa upya, kiungo hicho kinaweza kuvuja, hivyo mara nyingi kinyesi hupitishwa kwa muda kwenye tundu la tumboni na kuingia mfukoni, na uvimbe ukiwa chini kabisa tundu hilo huwa la kudumu, hata pale upasuaji ulipofanywa kwa kamera. Mwenye mfuko anaweza kuchunga na kuketi barazani na wazee wenzake, mradi apate maji ya kujisafishia na mifuko isimwishie, na hilo lipangwe kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani.

Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1971 kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu kwa Waafrika, na huenda mazoea ya kuiona adimu ndiyo yanayofanya damu kwenye choo iitwe bawasiri au ameba bila uchunguzi. Uvimbe mwingi wa puru hufikiwa kwa kidole cha daktari, kipimo kisichohitaji zaidi ya glovu, na kila zahanati inaweza kukifanya.

Ndugu wampeleke mzee katika hospitali ya rufaa, kama vile KCMC mjini Moshi, wakiwa na majibu ya kinyama na picha zote alizokwisha kupigwa, na watoto wake wamweleze daktari kuwa wao ni wanawe wa kuwazaa, kwani nao wanahitaji kupangiwa uchunguzi.