Mtoto asiyesema husema kwa mchezo

Mtoto wa miaka mitano aliyefiwa na mzazi, au aliyeponea ajali ya gari, hataketi mbele ya daktari akaeleza huzuni yake. Ukimwuliza kinachomsumbua atajibu "hakuna", ama atainama tu. Baadaye anaanza kukojoa kitandani, anapigana shuleni au anamng'ang'ania mama hadi mlangoni mwa choo. Wazazi wengi hapo huchukua kiboko. Msomaji, kabla hujakichukua, fahamu kwamba iko tiba ya mtoto kama huyu, na dawa yake ni mchezo.

Tiba hii si ngeni. Katika kliniki aliyoifungua London mwaka wa 1928, Dkt Margaret Lowenfeld aliwapa watoto sinia la mchanga na vijisanamu vya watu, wanyama na nyumba ili wajenge dunia yao. Melanie Klein, naye huko huko London, aliutafsiri mchezo wa mtoto jinsi ndoto ya mtu mzima inavyotafsiriwa. Mimi naona alizidisha. Anayefuatwa na wengi leo ni Mmarekani Virginia Axline, aliyechapisha kitabu chake mwaka wa 1947: mtoto aongoze, tabibu afuate, wala asimharakishe.

Chumbani mna wanasesere, sufuria ndogo, magari, udongo wa kufinyanga na kalamu za rangi. Kwa kawaida mtoto huja mara moja kwa wiki, kwa muda usiofika saa nzima. Akimfukia mwanasesere mchangani, tabibu hamkemei. Husema kwa utulivu, "Umemfukia kabisa, haonekani." Mtoto anatambua kuwa kuna mtu anayemwelewa, na huenda siku nyingine akamfukua mwenyewe. Mipaka ipo, lakini. Akitaka kumpiga tabibu, ataambiwa: "Najua umekasirika, ila mimi si wa kupigwa. Piga ule mto."

Utauliza, mbona nilipe pesa ilhali kalongolongo huchezwa bure uani? Ni kweli, na kwa watoto wengi hiyo yatosha. Lakini mtoto aliyeumia moyoni huweza kurudia mchezo mmoja bila furaha: gari linagonga, watu wanakufa, hakuna anayekuja kuwaokoa, kesho tena hivyo hivyo. Huyo anahitaji mtu aliyefunzwa. Muulize mtu huyo alisomea wapi, maana kununua wanasesere si kusomea kazi.

Nyumbani nawe una la kufanya. Tangu miaka ya 1960 Bernard Guerney, huko Marekani, aliwafunza wazazi wenyewe kucheza na watoto wao kwa njia hii. Tenga nusu saa kila wiki, zima televisheni na simu, umwache mtoto achague mchezo. Usimhoji. Sema unachokiona tu.

Mchezo ukionyesha mambo ya chumbani ya watu wazima, au mtu fulani akimuumiza mtoto, usimbane kwa maswali wala usimtilie maneno kinywani. Huenda ni kitu alichokiona tu, huenda ametendewa. Mpeleke hospitali, au upige 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto.

Na yule aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani kisha akarudia, mkojo wake upimwe kwanza. Maambukizi ya njia ya mkojo na kisukari havitibiwi kwa mchezo.